Kumpeleka Bibi Menna kwa Mdogo Wake

Wapendwa wa kanisani Malvern, pamoja na ninyi majirani wa Troyeville, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja ananikamata mlangoni baada ya ibada, mwingine ananipigia simu nikiwa na pini mdomoni, na kila mtu ana swali lake: ulikula nini, baridi ilikuwaje, yule bibi umemwacha wapi. Kuna mama mmoja, simtaji, ameshatangaza kwamba nilimtelekeza mzungu wa watu uwanja wa ndege. Basi leo nimefunika cherehani na ninaandika yote mara moja. Habari za viza na tiketi sitazigusa. Mungu anajua tulivyohangaika, na inatosha yeye peke yake ajue.

Troyeville mpaka uwanja wa ndege

Kwa wasiomjua, Bibi Menna ndiye mwenye ile nyumba ya bati jekundu ambayo mimi na binti yangu Neema tunakaa chumba cha uani. Ana miaka themanini na mitatu. Alikuja Johannesburg akiwa bibi harusi, na mumewe Mwingereza aliyekuwa fundi mkuu katika migodi ya dhahabu. Mume alikufa zamani, na binti yake wa pekee yuko Australia. Mtaani wote wanamwita Mwingereza, naye kila mara anakasirika upya. Yeye ni Mwelisi, wa Welisi, nchi ndogo ya milima iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza, na lugha yake ni Kiwelisi.

Kila alasiri alikuwa akija kwenye meza yangu ya kushonea na birika la chai na paka wake. Kabla ya kunywa aliinamisha kichwa na kusali. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani anasali kwa Kiafrikana, ile lugha ya Makaburu, Kiafrikana cha mtu mwenye mafua. Siku nilipouliza alicheka mpaka chai ikamwagika juu ya kitambaa cha mteja.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake. Mnajua nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kalemie kabla vita havijanifanya fundi, na ugonjwa wa kutaka kujua haujanitoka. Nilianza na paka. Paka ni *cath*. Nikasema haya, rahisi. Lakini paka akiwa wangu anakuwa *nghath*, akiwa wa yule mwanamume anakuwa *gath*, akiwa wa yule mwanamke anakuwa *chath*. Nikamwambia, "Bibi, ninyi watu hamna huruma, mnyama mmoja majina manne?" Akanijibu, "Na wewe, mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, hiyo ni huruma?" Nikakubali, maana sisi pia tunabadilisha neno mwanzoni na hata hatujioni. Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba hawana neno la kumiliki. Mtu husema paka yuko pamoja nami. Nasi tukisema nina paka, si ndiyo tunasema mimi na paka? Nilitembea siku nzima na jambo hilo kama mtu aliyeokota kitu.

Sala ile ya chai ilikuwa Baba Yetu. Nikaishika yote kwa masikio, mstari kwa mstari, jinsi alivyoisema yeye.

Sasa sababu ya safari. Mwaka 2017 Kiingereza kilianza kumponyoka Bibi Menna. Siku moja alisimama jikoni akitaka kijiko, jina likakataa kuja. Akawa anasema *llwy, llwy*, huku machozi yanamlengalenga. Kisha akakaa.

"Mama Neema," akasema, "siku itafika nitabaki na Kiwelisi kitupu. Hapa Johannesburg nitaongea na nani? Na paka?"

Ndipo akanieleza kuhusu Nest, mdogo wake, aliyebaki kijijini kwao. Bibi Menna hakumfundisha binti yake Kiwelisi. Mumewe alisema mtoto atachanganyikiwa, naye akakubali. Mara moja tu alimpeleka mtoto kwao, na mama yake mzazi, aliyejua Kiingereza cha kuombea chumvi tu, alikaa na mjukuu wiki mbili bila kuweza kumsimulia hata hadithi moja. Mwaka uliofuata mama akafa. Nest akamwandikia dada yake barua moja: umemfungia mama mlango kwa mtoto wako mwenyewe. Tangu hapo ilikuwa kadi ya Krismasi tu, kila mwaka, kwa Kiingereza. Karibu miaka hamsini ya kadi za Kiingereza, kati ya watu wawili waliojifunza kuongea kitanda kimoja.

"Kwetu," Bibi Menna akaniambia, "ukimjua mtu kwa Kiwelisi huwezi kumgeuzia Kiingereza. Ukimgeuzia, umemwambia wewe si wangu tena. Nataka Nest anisemeshe kwa lugha yetu kabla kichwa changu hakijafunga duka. Hata sentensi moja."

Nikasema tutakwenda. Neema na paka niliwaacha kwa rafiki yangu wa mtaa wa Berea. Papa Deo wa kwaya akajitolea kutupeleka uwanja wa ndege, na kwenye mataa ya Jules Street, yaliyokuwa yamezimika, tukakwama.

"Eish, Mama Neema," akasema, "robot zote zimekufa leo. Sasa kule kwa Bazungu unaenda kufanya nini?"

"Ninampeleka Bibi kwa mdogo wake, waongee."

"Simu haiko?"

"Simu ipo, Papa Deo. Mdogo wake ataijibu kwa Kiingereza."

Alifikiri mpaka gari la nyuma likapiga honi. "Mdogo wa tumbo moja anakujibu Kiingereza?" akasema. "Ile ni mbaya, kabisa. Endeni." Akapita kando ya magari yote, magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, na Bibi Menna akapiga makofi kiti cha nyuma.

Angani

Kwenye ndege walileta kuku na tambi katika kisahani cha kumtoshea mtoto. Bibi Menna alinipa mkate wake, nami nikampa tambi zangu, tukawa sawa. Saa kumi na moja za angani ni nyingi kukaa na mtu. Mnaishiwa habari ndogo, kisha zinakuja zile kubwa.

Aliniambia kwamba bibi yake, alipokuwa shule, alivikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiwelisi. Kibao kilihama kutoka mtoto hadi mtoto, kila aliyeteleza akavikwa, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Bibi huyo alimsimulia mama yake Menna, na mama akamsimulia Menna. Hofu hiyo, alisema, ilisafiri naye mpaka Johannesburg, na mumewe alipomwambia aache Kiwelisi ilikuwa imeshamtayarisha kukubali.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilitaka kunyamaza, lakini mtu alikuwa ananieleza ukweli.

"Bibi, kule Kalemie na sisi tulikuwa nacho. Kipande cha mti, chenye kamba. Mtoto akisema Kiswahili uwanjani badala ya Kifaransa, anavaa. Sisi tulikiita *symbole*."

"Ulikivaa?"

"Nilikivaa nikiwa mdogo. Halafu nikawa mwalimu, nikawavisha."

Hakuniambia maneno ya kunituliza, na namshukuru kwa hilo. Alichukua kikombe mkononi mwangu akakiweka chini, akanishika vidole. Baadaye akauliza, "Neema anakujibu kwa lugha gani?" Nikamwambia, unajua mwenyewe, Bibi. Ninamsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na akikasirika ananijibu Kizulu. Tukakaa hivyo, mikono yetu juu ya blanketi dogo la ndege, wazazi wawili wenye hatia inayofanana.

London mpaka milimani

London niliiona kupitia dirisha la treni tu, kwa hiyo msiniulize. Nilichoona ni migongo ya nyumba, na nguo zilizoanikwa kwenye mvua. Nani anaanika nguo kwenye mvua? Bibi Menna alisema wamekata tamaa.

Tulibadilisha treni mara moja, na ile ya pili ilipoanza kupanda milimani ilisimama katikati ya mashamba. Tangazo likasema kuna kondoo kwenye reli. Tulikaa saa moja na nusu. Mimi niliyetoka Kongo nilifurahi kidogo, nikajiona nyumbani.

Mbele yetu alikaa muuguzi wa makamo, mnene, mwenye kofia ya sufu, anatoka magharibi mwa Ayalandi na anaongea Kiayalandi tangu utotoni. Akatugawia vipande vya keki kutoka kwenye kopo, na kwa kuwa kondoo hawakuwa na haraka, yeye na Bibi Menna wakaanza kulinganisha lugha zao. Mmoja akahesabu *un, dau, tri, pedwar, pump*. Mwingine akajibu *haon, dó, trí, ceathair, cúig*. Moja mpaka tatu nilisikia udugu, nne na tano ukapotea. Muuguzi akanieleza kwamba zamani sana lugha hizi zilikuwa moja. Kisha zilipoachana, pale Wawelisi wanapotamka p, mara nyingi Waayalandi hutamka k. Kichwa ni *pen* kwa huyu, *ceann* kwa yule.

Nikawaambia hilo ninalielewa kabisa. Wiki yangu ya kwanza Johannesburg sikujua neno la Kizulu, nikaingia buchani Jules Street nikasikia mama anaomba *inyama*. Nilitaka kumkumbatia. *Umuntu*, *abantu*, *inyama*: ndugu zetu waliohama mapema.

"Sasa umeelewa," muuguzi akasema. "Tunafahamiana kwa sura, ila hatusikilizani."

Alikuwa msimulizi huyu mama. Kwa maelezo yake, lugha hizi za Kikelti zilisemwa zamani nchi kubwa kubwa, Hispania, Ufaransa, mpaka Uturuki. Wakaja Warumi na Kilatini chao, baadaye Waingereza na Kiingereza chao, na Wakelti wakabaki na kingo za nchi, milimani na visiwani. Wakelti wengine wa kisiwa cha Uingereza walivuka bahari wakaenda Ufaransa na lugha yao, ndiyo hii lugha ya Kibretoni, ambayo ni jamaa ya karibu zaidi ya Kiwelisi kuliko Kiayalandi. Kuna lugha mbili, ya Kornwali na ya kisiwa cha Man, zilikufa mpaka msemaji wa mwisho, kisha watu wakazifufua kutoka kwenye vitabu na sasa kuna watoto wanaongea.

"Halafu ninyi mnaosoma Biblia," akaniambia, "mnawajua Wagalatia?"

"Mtume Paulo aliwagombeza vibaya."

"Hao walikuwa wenzetu. Wakelti wa Uturuki."

Nilipiga kelele, behewa lote likageuka. Miaka yote nimesoma waraka ule na sikuwahi kujiuliza Wagalatia waliongea nini wakiwa nyumbani, wakipika. Bibi Menna akasema haishangazi waligombezwa, kwao wote ni wabishi. Treni ikaondoka, kondoo wakatutazama tukipita.

Mji wa kungojea

Kwa ajili ya wale kondoo tukakosa treni ya mwisho ya kuunganisha, tukaambiwa tungoje basi katika mji mdogo wenye mnara wa saa. Tuliingia mkahawani. Msichana aliyetuhudumia alikuwa na nywele za rangi ya bluu na pete puani. Bibi Menna alikuwa amechoka, na nadhani Kiingereza kilimkimbia tena, kwa sababu aliagiza chai kwa Kiwelisi, halafu akaziba mdomo kwa mkono kama aliyetukana.

Msichana akamjibu kwa Kiwelisi. Wala hakushangaa. Akauliza maziwa, nadhani, na sukari, akaenda zake.

Bibi Menna aliweka mkoba juu ya meza akalia. Alikuwa ameondoka mwaka ambao watu wazima walikuwa wakisema lugha hii inazikwa na wazee. Hakuwahi kufikiri kwamba angekuja kuuziwa chai kwa Kiwelisi na mtoto mwenye nywele za bluu. Msichana aliporudi na kumkuta analia, aliketi akamsikiliza. Waliongea mpaka chai ikapoa. Alimwambia Kiwelisi chake ni cha zamani sana, kinamkumbusha bibi ya mama yake, na alilisema kwa mapenzi. Walipoachana Bibi Menna alikuwa mwepesi, anatembea bila kunishika mkono.

"Kama huyu ameweza," akaniambia kituoni, "Nest ataweza."

Nilisema ndiyo, ataweza. Moyoni niliogopa. Mgeni kukupokea ni kazi rahisi.

Kwa Nest

Kijiji chao sikitaji, kwa sababu nikiliandika jina lake nitakosea. Nyumba ni ya mawe ya kijivu, mlango mfupi, ndani safi mpaka unaogopa kukaa. Nest alifungua kabla hatujabisha. Mwembamba, mnyoofu, miaka sabini na minane, macho yale yale ya Bibi Menna. Bibi Menna akamwambia maneno marefu kwa Kiwelisi, ambayo alikuwa akiyafanyia mazoezi tangu Troyeville, nilikuwa nikimsikia bafuni.

Nest akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, "Karibuni ndani. Mtakuwa mmechoka na safari."

Nilimwona Bibi Menna akipungua hapo hapo mlangoni. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tulikaa siku nne hivyo. Nest hakutukosea jambo lolote. Alitandika vitanda, aliweka chupa za maji ya moto miguuni petu, alipika supu ya kondoo na vitunguu virefu vya kijani ambayo, wapendwa, ukiacha kwamba haijui pilipili, ni tamu kweli. Siku ya kwanza akaniuliza kama niongezewe. Nikakataa, kama mtu aliyelelewa vizuri, nikingoja aniulize mara ya pili na ya tatu nikubali. Akachukua sahani akaiosha. Nililala na njaa mbele ya sufuria iliyojaa, na kesho yake nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Kila asubuhi Bibi Menna alijaribu tena. Alimsemesha mdogo wake kwa Kiwelisi kuhusu mvua, kuhusu majirani, na Nest alijibu kwa Kiingereza kuhusu mvua, kuhusu majirani. Na Kiingereza cha Bibi Menna, ambacho tayari kilikuwa kinavuja, kilizidi kuvuja kwa uchungu. Siku ya tatu alikosa neno la dirisha. Nest aliona. Uso wake ulitikisika kidogo, akatoka nje kwenda kuwalisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

Nilimfuata. Mnanijua hasira zangu. "Mama Nest," nikamwambia, "dada yako amevuka Afrika nzima. Anaomba sentensi moja tu."

Akaendelea kumwaga mtama. "Mama yangu naye aliomba hadithi moja tu," akasema. "Na yule mtoto hakuielewa."

Nilirudi jikoni nikakata karoti za watu ishirini.

Jumapili

Kanisa lao ni la mawe pia, limejengwa kwa watu mia tatu, na tulikuwa kumi. Saba wao, sisi watatu. Tuliketi benchi moja, Nest upande huu, Bibi Menna upande ule, mimi katikati kama mto wa kiti. Waliimba, na hapo niwape haki yao: wazee saba waliimba kwa sauti nne, na wangeweza kuiaibisha kwaya yetu. Papa Deo, usikasirike.

Kisha mchungaji, mzee mrefu mwenye kikohozi, akasema jambo kwa Kiwelisi, akanitazama, akalirudia kwa Kiingereza kwa ajili yangu: leo tunao wageni kutoka Afrika Kusini, tunawakaribisha.

Sasa niambieni ninyi. Kwetu mgeni akitajwa anafanya nini? Anasimama. Anasema jina lake, anatoa salamu za kanisa alikotoka, anatoa neno au wimbo. Asiyesimama ana majivuno, na atasemwa mpaka mwezi ujao. Basi nikasimama.

"Bwana Yesu asifiwe!" nikasema.

Hakuna aliyeitika. Mzee mmoja alitazama viatu vyake. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu kwa ajili ya somo, akabaki amekishika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwao hakuna desturi hiyo, kwamba karibu ilikuwa karibu tu, na mimi nimesimama katikati ya ibada ya watu. Lakini ukishasimama umesimama. Nikaendelea kwa Kiingereza changu, nikasema ninaitwa Mama Neema, ni fundi wa nguo, nawasalimu kutoka kwa wapendwa wa Malvern, Johannesburg. Bado nilidaiwa neno. Wimbo wa kwetu wasingeujua. Neno nililokuwa nalo kwa lugha yao lilikuwa moja.

Nikafumba macho nikaanza Baba Yetu kwa Kiwelisi.

Niliisema kama nilivyoipokea kwenye meza yangu ya kushonea, kwa mwendo ule ule. Nilipofika kwenye riziki, pale unapoomba mkate wa leo, nikanyamaza kabla ya neno mkate. Bibi Menna hunyamaza hapo kila siku, pumzi moja ndefu, halafu anaendelea. Nilidhani ndivyo Wawelisi wote wanavyosali. Sikujua kwamba ni kitu cha nyumbani kwao.

Katika kimya hicho, sikio langu la kulia likasikia sauti ndogo sana, ya mtoto kabisa.

"*Bara*," ikasema.

Ilikuwa ya Nest. Alikuwa amelitoa lile neno mkate, halafu akashtuka, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili. Nikaendelea, maana nilikuwa sijui nifanye nini kingine, na wazee wale wakaingia mmoja mmoja, tukamaliza pamoja. Nikaketi. Mchungaji aliendelea na ibada. Sikusikia mahubiri yote, na hata ningesikia nisingeyaelewa.

Bibi Menna alinieleza baadaye. Mama yao alikuwa akisali hivyo mezani na watoto, na Nest alikuwa mdogo kuliko wote, anachelewa maneno. Kwa hiyo mama alisimama pale kila mara, akamngoja Nest aseme neno moja la kwake, mkate, ndipo sala ikaendelea. Nest akakua, mama akaendelea kumngoja. Bibi Menna akaolewa, akavuka bahari, akakaa Troyeville na mume asiyejua lugha yake, na kila alasiri mbele ya chai akasimama pale pale.

Nje ya kanisa palikuwa na upepo wa kung'oa kofia. Nest alimshika dada yake mkono wa koti, akamuuliza kitu kwa Kiwelisi. Sentensi fupi, sauti imekauka.

Bibi Menna akajibu, "*Oeddwn*."

Kisha wakakumbatiana vibaya, miwani ikagongana, mkoba ukaanguka matopeni, mimi nikauokota nikasimama mbali nikijifanya nasoma majina ya makaburi.

Nest alikuwa ameuliza, "Miaka yote hii ulikuwa bado unaningoja?" Na kwa kuwa Kiwelisi hakina neno moja la kusema ndiyo, mtu hujibu kwa kitendo chenyewe, Bibi Menna alikuwa amemjibu, "Nilikuwa."

Kurudi

Siku zilizobaki hakuna aliyenikumbuka, na sijawahi kufurahi kusahauliwa kama hivyo. Waliongea wakimenya viazi, wakiosha vyombo, mmoja bafuni na mwingine nje ya mlango. Maneno ambayo Bibi Menna alikuwa ameyapoteza hayakurudi kwa Kiingereza, ila hakuyahitaji. Nest alinifundisha kukanda mkate wao wa zabibu, na akaniuliza mara tatu kama niongezewe, kwa sababu Bibi Menna alimweleza desturi yetu.

Nilimpigia Neema nikataka kujaribu ujanja wa mama yao. Nikaanza Baba Yetu kwa Kiswahili, nikafika kwenye riziki, nikanyamaza nikimngoja. Kimya. Kisha Neema akasema kwa Kiingereza, "Mama? Mtandao umekatika?" Nilicheka nikashindwa kuendelea. Lakini sikumgombeza, na hiyo kwangu ni safari kubwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Bibi Menna alikaa kitandani kwangu akaniambia harudi. Nilikuwa nimejua. Alisema nimwambie jirani wa mbele asimwagie waridi maji mengi. Alisema nisilie, akalia yeye. Nikamwambia nani ataninywesha chai sasa, nani atanisahihisha, na nilikuwa na hasira naye kwa kweli, hasira ya mtu anayeachwa. Akanifuta uso kwa shuka.

Walinisindikiza wote wawili mpaka stesheni. Bibi Menna alinibusu mashavu yote, akanipa kifurushi cha mkate, akaniambia kwa Kiswahili nilichomfundisha, "Safari njema, mwanangu." Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani, nikaufuta mvuke wa kioo ili niwaone vizuri mara ya mwisho. Nikainua mkono.

Walikuwa wamesimama pale chini, hatua mbili kutoka kwangu, na wamegeukiana. Nest alikuwa amesema jambo, na Bibi Menna analikataa kwa kidole, na Nest analisema tena kwa sauti zaidi, na wote wawili wanacheka huku wanabishana, wanakatizana, mvua inawanyeshea na hawana habari. Treni ikaanza kutembea. Niliendelea kupunga mpaka jukwaa likaisha. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.